Kuketi Karibu na Mwalimu, Kuketi Karibu na Mauti: Elimu ya Maisha na Kifo cha Hiari katika Mapokeo ya Bara Hindi

Elimu haina mwisho, husema wahenga, na sisi walimu tumeirudia kauli hii mbele ya wanafunzi hata imechujuka. Ni nadra kujiuliza neno hilo "mwisho" lina maana gani. Je, ni kwamba mambo ya kujifunza hayaishi, au ni kwamba mtu hujifunza mpaka siku yake ya mwisho? Na ikiwa ni hivyo, siku ile yenyewe ina somo lake? Watu wa Bara Hindi walijiuliza swali hili zamani sana, nao wakalijibu kwa namna ambayo, katika miaka yetu hii, imewafikisha mbele ya majaji. Nakusudia kuonyesha jinsi mambo mawili ambayo sisi huyaweka mbalimbali, yaani kujifunza maisha yote na kufa kwa hiari, yalivyokua pamoja katika dini za huko, na kwa nini ni vigumu kulielewa la pili bila ya la kwanza.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Vitabu vya hekima viitwavyo Upanishad vimepata jina lao, kama wafafanuzi wengi wanavyolieleza, kutokana na viungo vya Kisanskriti vyenye maana ya kuketi chini, karibu. Aliyeketi ni mwanafunzi, na aliye karibu naye ni mwalimu. Sasa liangalie neno jingine, prayopavesha. Hili ni jina la desturi ya kale ya mtu kuacha chakula hata afe, na ndani yake mna neno upavesha, ambalo pia ni kuketi. Praya ni kuondoka. Basi huyu naye ameketi, lakini ameketi kwa nia ya kuondoka. Na mfungo wa kawaida huitwa upavasa, ambalo kwa asili yake ni kukaa karibu. Sisemi kwamba asili ya maneno yathibitisha historia. Mwalimu wa lugha anayetegemea hoja hiyo peke yake hupotea upesi. Nasema tu kwamba wasemaji wa lugha ile walimwona mwanafunzi na anayekufa katika mkao mmoja.

Hadithi iliyo mashuhuri kuliko zote katika jambo hili imo katika Katha Upanishad. Baba mmoja alikuwa akitoa sadaka mali yake yote, na miongoni mwake walikuwamo ng'ombe wazee wasioweza tena kutoa maziwa. Mwanawe Nachiketas, aliyekuwa bado mvulana, aliona aibu ya sadaka ile, akamwuliza baba yake mara tatu atampa nani yeye mwenyewe. Baba kwa hasira akajibu kwamba atampa Mauti. Kijana akaenda. Alipofika nyumbani kwa Yama, bwana wa wafu, alimkuta mwenyeji hayupo, akangoja mlangoni siku tatu bila ya chakula. Yama aliporudi aliona haya kwa kumnyima mgeni haki yake, akampa ruhusa ya kuomba mambo matatu. La kwanza na la pili yalipatikana kwa urahisi. La tatu lilikuwa kutaka kujua kama mtu akifa bado yupo au hayupo. Yama akajaribu kumtoa katika swali hilo kwa kumwahidi watoto, mifugo, ndovu, dhahabu, na umri mrefu kadiri apendavyo. Nachiketas akavikataa vyote, na ndipo Mauti akakubali kuwa mwalimu wake. Tazama basi: mwalimu ni Mauti mwenyewe, na ada ya shule ni kukataa vyote ambavyo mauti huviondoa.

Katika mpango wa maisha uliowekwa na vitabu vya sheria ya Kihindu, mtu hupitia hatua nne. Kwanza ni mwanafunzi anayekaa nyumbani kwa mwalimu, akimkatia kuni na kumchungia ng'ombe. Pili ni mwenye nyumba na familia. Tatu, akiisha kuwaona wajukuu na nywele kuwa nyeupe, huhamia mwituni. Nne, huacha kila kitu. Kwa kuutazama juu juu mpango huu mtu atadhani masomo yamewekwa mwanzoni tu, kama ilivyo katika shule zetu. Lakini katika Taittiriya Upanishad mwalimu anapomwaga mwanafunzi wake humwonya asiache kujisomea wala kufundisha, na wajibu huo wa kujisomea, svadhyaya, humfuata mtu hata mwituni. Tena sheria zilimtambua mwanafunzi wa namna ya pekee, aitwaye naishthika, ambaye haondoki kamwe nyumbani kwa mwalimu wake. Husoma na kutumikia mpaka afe. Jina lake latokana na neno lenye maana ya ukomo au ukamilifu. Katika Chandogya Upanishad hata Indra, mfalme wa miungu, anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa Prajapati kwa miaka 101, akirudishwa tena na tena kwa sababu kila mara aliridhika na jibu nusu. Nadhani kila mmoja wetu amewahi kumfundisha Indra huyo.

Kitabu hichohicho kina jaribio moja ambalo lafaa tulikumbuke tutakapofika mbele. Shvetaketu alikwenda kusoma akiwa na umri wa miaka 12, akarudi akiwa na miaka 24, amejaa majivuno. Baba yake, Uddalaka, akamwamuru asile kitu siku 15, ila anywe maji tu. Siku zilipotimia akamwambia asome aya alizozihifadhi. Hakuna hata moja iliyomjia. Akaambiwa ale, na alipokula yote yakarudi. Uddalaka alikuwa akimfundisha kwamba akili hujengwa na chakula. Basi ikiwa njaa huifuta elimu, mtu anayefunga hata afe hubakiwa na elimu gani?

Kabla ya kulijibu swali hilo, hatuna budi kumtaja Bhishma. Katika utenzi mkuu wa Mahabharata, mzee huyu alikuwa amepewa kipawa cha kuchagua saa ya kufa kwake. Kisanskriti huita jambo hilo ichchhamrityu, kifo cha kutaka mwenyewe. Siku ya kumi ya vita aliangushwa, mwili umejaa mishale hata haukugusa ardhi. Angeweza kufa palepale. Aliamua kungoja mpaka jua ligeuke kuelekea kaskazini, kipindi kinachohesabiwa kuwa chema kwa kuondoka, akalala juu ya mishale ile siku 58. Alifanya nini katika siku hizo? Alifundisha. Yudhishthira, mshindi aliyejaa majuto, alikuja kukaa karibu naye akimwuliza juu ya utawala, haki, sadaka na wokovu, na majibu ya Bhishma yamekuwa mafungu mawili makubwa ya utenzi ule. Hapa hiari ya kufa ilitumika kuirefusha saa ya mwisho, siyo kuifupisha.

Sasa tupambanue, maana lugha yetu yaweza kutuchanganya. Tunaposema "kifo cha huruma" watu huchukulia jambo moja, hali ni mambo mengi. Daktari akimchoma mgonjwa dawa ya kumwua ili kumwondolea maumivu, hilo ni tendo la mtu mmoja juu ya mwingine. Ndugu wakikubali mitambo ya kupumulia iondolewe, hilo ni kuacha. Mzee akifunga mdomo wake mwenyewe, hilo ni jambo jingine tena, na kijana aliyekata tamaa akajitupa kisimani ni la nne. Dini za Bara Hindi zilikuwa na majina mbalimbali ya mambo haya kabla ya hospitali za kisasa kuwapo, na hukumu zao hazikuwa sawa.

Katika Uhindu kanuni kuu ilikuwa kukataza. Aliyejiua kwa hasira au huzuni alinyimwa taratibu za mazishi. Lakini sheria ya Manu inamruhusu mkaa mwituni aelekee kaskazini-mashariki, akiishi kwa maji na hewa, mpaka mwili udondoke. Wengine waliruhusiwa kujitosa majini kwenye makutano ya mito ya Ganga na Yamuna, mahali paitwapo Prayaga, na msafiri Mchina Xuanzang aliandika habari za desturi hiyo katika karne ya 7. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mfalme Someshvara wa Kwanza wa Wachalukya. Mwaka 1068 alishikwa na homa ambayo waganga waliishindwa. Alifanya ibada zake, akaingia katika mto Tungabhadra mahali paitwapo Kuruvatti, akafa maji. Mshairi Bilhana alikisimulia kisa hicho kwa heshima, wala hakukiita aibu. Hata hivyo waandishi wa sheria wa baadaye walikunja uso. Waliandika orodha ya mambo yaliyokuwa halali zamani lakini yasiyofaa katika zama hizi za uovu, wakaiingiza humo safari ile ya kufia njiani. Inaonekana waliogopa kwamba ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya mzee mwenye hekima ingetwaliwa na kila mtu.

Buddha alikuwa mkali zaidi. Katika kanuni za watawa wake, kosa la tatu miongoni mwa yale manne yanayomtoa mtawa moja kwa moja ni kuua binadamu, na kanuni hiyo haiishii kwenye kuua kwa mkono. Humgusa pia mtawa anayekisifu kifo mbele ya mtu hata huyo akatamani kufa. Miongoni mwa visa vilivyoandikwa kuifafanua kimo kimoja cha watawa waliomwonea huruma mwenzao mgonjwa, wakamsifia kifo, naye akafa. Huruma yao haikuwaokoa. Walihesabiwa kuwa wamekosa. Yafaa kutambua kwamba ulimi wa anayesimama kando ya kitanda ulitiliwa shaka mapema hivyo.

Wajaini ndio waliolifikiri jambo hili kwa kirefu kuliko wote. Wasomaji waliopata kukaa Nairobi, Thika au Mombasa watakuwa wameyaona mahekalu ya marumaru ya Waoshwal, ambao wazee wao walianza kutoka vijiji vya Jamnagar mwishoni mwa karne ya 19. Zamani tuliwaita wote Mabaniani, bila ya kujua kwamba dini yao si Uhindu na kwamba msingi wake ni kutokidhuru kiumbe chochote, hata mdudu. Ndiyo maana mtu hushangaa kusikia kwamba dini isiyoruhusu kumwua siafu humheshimu anayefunga mpaka afe. Jina la mfungo huo ni sallekhana. Maana yake, neno kwa neno, ni kukonda vyema au kupunguza kikamilifu, na wafafanuzi husema vinavyopunguzwa ni viwili pamoja: mwili na tamaa. Mwenye kupunguza mwili tu, tamaa zikabaki nono, hakufanya kitu.

Masharti yake ni magumu. Mwalimu Samantabhadra, katika kitabu chake cha wajibu wa waumini, ametaja hali zinazoruhusu: msiba usioepukika, njaa kuu, uzee, na ugonjwa usio na dawa. Mtu hana budi kuomba ruhusa kwa mwalimu wa dini, naye mwalimu huweza kukataa. Huwaaga jamaa, huwasamehe wote na kuomba msamaha wao, hulipa madeni. Kisha huacha vyakula vigumu, hubaki na maziwa, halafu maji ya moto, halafu hayo nayo huachwa. Mfafanuzi Pujyapada ametoa mfano wa mfanyabiashara ambaye ghala yake imeshika moto: kwanza hujitahidi kuizima, kwa maana ghala ni ya thamani, akishindwa, huokoa bidhaa zilizomo. Mwili ndio ghala, na bidhaa ni nadhiri na elimu alizojikusanyia. Mfano huu wapinga wale wadhanio kwamba Wajaini huuchukia mwili. Aliyeanza kwa kubeba bidhaa nje kabla ya kutafuta maji ya kuzima moto amekosea.

Lakini neno linalonistaajabisha zaidi limo katika Tattvartha Sutra ya Umasvati, kitabu kinachokubaliwa na madhehebu yote mawili makubwa ya Wajaini. Humo yametajwa makosa matano yanayoharibu mfungo wa mwisho. La kwanza ni kutamani kuishi, hilo tunalitazamia. La pili ni kutamani kufa. Kisha yafuata kuwashikilia marafiki, kukumbuka raha zilizopita, na kutarajia malipo katika maisha yajayo. Tulitazame hilo la pili. Mtu ameketi, ameacha chakula, ameacha maji, na bado haruhusiwi kukitaka kifo! Akikitaka, amekwisha kushindwa. Hapo ndipo Wajaini huutenga mfungo wao na kujiua, maana ajiuaye hukikimbilia kifo kwa chuki au uchungu. Mtu asiyezoea dini hii atasema tofauti hiyo ni nyembamba kama uzi. Ni kweli, na Wajaini wenyewe wanajua, ndiyo sababu mtu hutazamiwa kujizoeza kufunga na kujinyima tangu ujana, akiwa na afya, ili uzi huo usimkatikie mkononi.

Na hapa tunarudi kwa Shvetaketu, aliyesahau aya zake baada ya siku 15. Wajaini hawakusema kwamba elimu ya anayefunga haipungui. Walimwekea wasomaji. Kitabu cha Shivarya kiitwacho Bhagavati Aradhana chaeleza kwa kirefu kazi ya watawa wanaomzunguka: kumgeuza, kumsafisha, kulinda mlango dhidi ya watu wa kelele, na zaidi ya yote kumsomea na kumkumbusha kila akili inapopotea. Mwanafunzi aliyeishi akisoma kwa macho yake humaliza akisomewa kwa masikio. Akiingiwa na hofu, mwalimu humtia moyo kwa visa vya waliomtangulia.

Historia ya jambo hili imeandikwa juu ya mawe. Katika Karnataka, mahali paitwapo Shravanabelagola, kuna vilima viwili. Kimoja kimebeba sanamu kubwa ya Gommateshwara, iliyochongwa mwishoni mwa karne ya 10. Kingine, Chandragiri, ni kidogo lakini ni cha kale zaidi kwa kumbukumbu. B. Lewis Rice alipozichapa nakala za maandishi ya mahali hapo mwaka 1889, dunia ya wasomi ilitambua kwamba mwamba ule ni kama daftari la shule: hapa mtawa fulani, mwanafunzi wa fulani, alifunga akaondoka; hapa mwanamke fulani, mwanafunzi wa fulani. Andiko la kale zaidi ni la mnamo mwaka 600. Sehemu nyingi jina la marehemu hufuatana na jina la mwalimu wake, na mara nyingi la mwalimu wa mwalimu wake. Mapokeo yasema kwamba Chandragupta, mwasisi wa dola ya Maurya, aliacha kiti cha enzi, akamfuata mwalimu wake Bhadrabahu mpaka kilima hicho na kufunga mpaka kufa, karibu mwaka 297 K.K. Wanahistoria hawakubaliani kama ilikuwa hivyo kweli, kwa kuwa maandishi ni ya karne nyingi baadaye. Mfalme Indra wa Nne wa Warashtrakuta yeye ana ushahidi wa karibu zaidi. Alikufa kwa mfungo huo mwaka 982. Na katika karne iliyopita, mtawa Shantisagar, aliyekuwa karibu kipofu na asiyeweza tena kuwaona wadudu njiani ili asiwakanyage, alianza mfungo wake huko Kunthalgiri mwezi wa Agosti 1955, akafa Septemba 18.

Mapokeo haya yalipokutana na siasa za karne ya 20, yalitikiswa. Mwaka 1928 ndama mmoja katika makazi ya Gandhi huko Sabarmati alikuwa katika maumivu yasiyo na tiba, hawezi hata kugeuka. Gandhi akaamuru daktari amchome sindano ya kumwua. Barua za hasira zikamiminika, nyingi kutoka kwa Wajaini na Wahindu wa Gujarati, waliomwona amemsaliti ng'ombe na kanuni ya kutodhuru. Gandhi alijibu magazetini kwamba kumwacha kiumbe ateseke ili mikono yetu ibaki safi kwaweza kuwa ndiko kudhuru, tena akaongeza kwamba angemfanyia mwanawe vivyo hivyo kama hakungekuwa na dawa wala namna nyingine ya kumtumikia. Wapinzani wake walikuwa na hoja moja ambayo naiona nzito: ndama hakuulizwa. Mfungo wa mwisho wa Kijaini wote umejengwa juu ya ukweli kwamba anayeondoka ndiye aliyeomba, akaulizwa, akaulizwa tena.

Mwanafunzi mmoja wa Gandhi aliulizwa kwa namna hiyo, naye ni Vinoba Bhave. Alizaliwa Septemba 11, 1895. Mwaka 1916, akiwa njiani kwenda Bombay kufanya mtihani, aliteremka garimoshi na kwenda Benares kujisomea Kisanskriti; vyeti vyake alikuwa amekwisha kuvitia motoni. Tangu hapo hakuacha kuwa mwanafunzi. Gerezani Vellore alijifunza lugha za kusini mwa India, ambazo Wahindi wengi wa kaskazini hufa bila ya kuzijua hata moja. Alijifunza Kiarabu ili aisome Kurani kwa lugha yake, akatoa mkusanyo wa aya zake. Kuanzia mwaka 1951 alitembea kwa miguu zaidi ya miaka kumi akiwaomba wenye mashamba wawagawie maskini ardhi. Mwaka 1968 alianzisha Acharyakul, umoja wa walimu uliokusudiwa kuwa huru mbele ya serikali na vyama. Na ni yeye aliyewahimiza wasomi wa Kijaini wa madhehebu yote wakusanye kitabu kimoja cha mafundisho yao, Saman Suttam, kilichotoka miaka ya 1970. Ndani yake mna mlango mzima juu ya mfungo wa mwisho.

Mwanzoni mwa Novemba 1982, akiwa na miaka 87 katika makazi yake ya Paunar, moyo wake ulipata shambulio. Madaktari walisema hali yake yaanza kuwa nzuri. Siku chache baadaye akakataa chakula, maji na dawa. Wafuasi wake walimsihi, madaktari wakamsihi, na yeye akatikisa kichwa. Alikufa Novemba 15, siku ya Diwali. Hakuna aliyemshtaki mtu yeyote, ingawa kifungu cha 309 cha sheria ya jinai ya mwaka 1860 kilikuwa bado kikimtia hatiani kila aliyejaribu kujiua. Mwaka uliofuata serikali ilimtunuku, marehemu, nishani ya juu kabisa ya taifa. Wapo walionung'unika kwamba sheria ilikuwa na jicho moja kwa mtakatifu na jingine kwa mkulima aliyekunywa sumu. Manung'uniko hayo hayakuwa bure.

Hofu iliyo kubwa zaidi ilifikishwa katika Mahakama Kuu ya Rajasthan mwaka 2006. Mlalamikaji aliiomba mahakama ipige marufuku mfungo wa Wajaini, akiufananisha na desturi ya sati, ambayo mjane aliteketezwa pamoja na maiti ya mumewe huku ikisemwa kwamba ametaka mwenyewe. Waingereza waliikataza sati katika Bengal mwaka 1829, na bado mjane kijana aliteketea Rajasthan mwaka 1987 mbele ya umati uliomshangilia. Neno "hiari" katika kinywa cha umati ni neno la kuogopwa. Nani atajua kama bibi kizee amechoka na dunia, au nyumba imechoka naye? Agosti 10, 2015 mahakama iliukataza mfungo huo, ikisema haikuthibitika kuwa ni sharti la lazima la dini ile na kwamba ni sawa na kujiua. Maelfu ya Wajaini waliandamana kimya. Agosti 31 Mahakama ya Juu ya India ikaisimamisha hukumu hiyo. Mimi naona hofu ya mlalamikaji ilikuwa ya haki, ila alikosea mlango. Masharti ya kale yaliwekwa kwa ajili ya hofu hiyohiyo, na swali la kuuliza lilikuwa kama yangali yanafuatwa: kama mwalimu bado anaweza kukataa, na kama heshima nyingi inayomzunguka anayefunga haimfungi mdomo asiweze kuomba uji.

Kifungu cha 309 kilitoweka sheria mpya ilipoanza kutumika Julai 1, 2024. Pakabaki adhabu kwa anayejaribu kujiua ili kumlazimisha ofisa wa serikali. Kabla ya hapo, Machi 2018, majaji watano walikuwa wamekubali kwamba mgonjwa asiye na tumaini aweza kuachiwa afe kwa kuondolewa tiba, na kwamba mtu mzima aweza kuandika wosia wa jambo hilo akiwa bado na akili timamu. Kumwua kwa sindano kulibaki haramu.

Kesi iliyofungua njia hiyo ilikuwa ya Aruna Shanbaug, muuguzi wa hospitali ya KEM, Mumbai. Novemba 1973 alishambuliwa na mtumishi wa hospitali hiyohiyo, akanyongwa kwa mnyororo, ubongo ukaharibika. Alilala katika wodi moja kwa zaidi ya miaka 40. Mwandishi mmoja aliiomba Mahakama ya Juu iruhusu aachwe afe, na Machi 2011 majaji waliikubali kanuni ya kuacha tiba, lakini kwa Aruna mwenyewe wakakataa. Waliopinga kwa nguvu walikuwa wauguzi wa wodi ile. Wengi wao hawakuwahi kufanya kazi pamoja naye. Walimrithi kutoka kwa waliostaafu, waliowaonyesha jinsi ya kumlisha, kumwogesha na kumgeuza. Majaji waliandika kwamba katika miaka yote ile hakupata hata kidonda kimoja cha kulala. Alikufa kwa homa ya mapafu Mei 18, 2015, na wauguzi hao ndio waliomsindikiza.